Koti Lenye Manyoya: Nani Alilipa Bei Yake?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

 Kama ilivyo desturi yetu, somo limepigwa chapa ili wale ambao hawakuwahi kusikiliza wapate kusoma, na wale waliosikiliza wapate kurudia polepole. Mwalimu asome kifungu kimoja, kisha wanafunzi wakisome wenyewe. Mwisho yako maswali ya kuzungumza pamoja.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja. Nilikwenda kuzuru darasa la kisomo katika Wilaya ya Njombe, wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Mama huyo alingoja mpaka somo likaisha, ndipo akafungua furushi lake. Kazi yake ni kuuza mitumba. Ndani ya furushi mlikuwa na koti zito la kike, na ukosi wake, yaani kola, ulikuwa wa manyoya marefu ya rangi ya kahawia.

Akasema, "Mwalimu, kila mteja hulishika koti hili akalisifu, kisha huniuliza, haya ni manyoya ya mnyama gani? Nami sina la kumjibu. Tena binti yangu aliyesoma ameniambia kuwa kuuza kitu hiki ni vibaya. Je, ni vibaya kweli? Na kama ni vibaya, sababu yake ni nini?"

Siku ile nilimjibu nusu tu, maana gari lilikuwa linaningoja. Leo nataka kumjibu kwa ukamilifu, na wewe usikilize, halafu uamue mwenyewe.

Manyoya ya kujikinga baridi

Tuanze mwanzo. Kwa nini mwanadamu alivaa ngozi yenye manyoya? Jibu ni rahisi: kwa sababu ya baridi. Mungu hakumpa binadamu manyoya ya kutosha mwilini, basi akaazima ya wanyama. Wako watu waitwao Inuiti, wakaao kaskazini kabisa mwa Amerika na katika kisiwa cha Greenland, mahali ambapo bahari huganda ikawa barafu. Huko pamba haioti. Inuiti waliwinda sili baharini na kulungu wa kaskazini nchi kavu. Nyama walikula, mafuta ya sili waliyawasha taa, na ngozi walishona mavazi. Nywele za kulungu yule zina uwazi ndani uliojaa hewa, na hewa hiyo huzuia baridi isipenye. Mtu asiye na vazi la namna hiyo asingeweza kuishi huko.

Hata kwetu, kabla nguo za dukani hazijaenea, watu wengi walivaa ngozi za ng'ombe na mbuzi. Hapakuwa na aliyeona ajabu. Aliyekula nyama alivaa na ngozi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, nayo ni haja.

Manyoya ya kuonyesha cheo

Sababu ya pili ni cheo. Hapa ndipo historia yetu inapoanza kuwa ngumu.

Huko Ulaya, zamani za wafalme, manyoya mazuri yalikuwa alama ya ukubwa. Uingereza, wakati wa Mfalme Edward wa Tatu, Bunge lilipitisha sheria katika mwaka wa 1337 na tena katika mwaka wa 1363 za kuwagawia watu mavazi kwa kadiri ya daraja na mali zao. Manyoya ya thamani yalikuwa ya wakubwa. Mtu wa chini akitaka manyoya, basi ni ya kondoo, ya sungura, au hata ya paka. Angalia jambo hili vizuri. Baridi haichagui bwana wala mtumwa, lakini sheria ilichagua.

Usicheke Ulaya peke yake. Katika nchi nyingi za Afrika ngozi ya chui ilikuwa ya wafalme na watemi, si ya kila mtu. Tabia ya kutaka kujulikana kwa vazi ni tabia ya wanadamu wote.

Lakini iko tofauti moja, nayo ni hesabu. Mtemi mmoja alihitaji ngozi moja, naye aliivaa maisha yake yote, kisha akamrithisha mwanawe. Ulaya walikuwako maelfu ya matajiri, na baadaye mamilioni ya watu waliotaka kufanana na matajiri. Hapo manyoya yakawa biashara kubwa, na biashara hiyo ikavuka mabara.

Warusi waliitafuta soboli, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, mwenye manyoya laini meusi. Kwa ajili ya ngozi zake walivuka Milima ya Ural wakaingia Siberia kuanzia miaka ya 1580, na katika mwaka wa 1639 walikuwa wamekwisha kufika Bahari ya Pasifiki. Kila kabila waliloliteka lilitozwa kodi, na kodi yenyewe haikuwa fedha bali ngozi. Mara nyingi walishika watu wa kabila na kuwaweka rehani mpaka ngozi zilipwe. Kwa hiyo koti la soboli la mtu mkubwa wa Moscow lilikuwa na jasho la mtu wa Siberia, tena pengine lilikuwa na mtoto wake aliyefungwa. Wahenga wetu walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Tuiweke methali hii akilini mpaka mwisho wa somo.

Kofia iliyobadili nchi nzima

Sasa twende Kanada, tuone jinsi kofia tu ilivyobadili maisha ya watu.

Yuko mnyama aitwaye biva. Umbo lake ni kama panya mkubwa sana, uzito wake hufika kilo 20 hata 30, na mkia wake ni mpana kama kasia. Huishi majini. Hukata miti kwa meno yake, akajenga boma la kuzuia mto, na nyuma ya boma hilo huwa bwawa ambamo samaki, ndege na wanyama wengine hupata makazi.

Biva ana nywele za namna mbili. Za juu ni ndefu na ngumu. Za chini ni fupi na laini, nazo zina vijino vidogo visivyoonekana kwa macho. Nywele hizi za chini zikiloweshwa, zikapashwa moto na kushindiliwa, hushikamana zikawa kitambaa kigumu kisichopitisha maji upesi. Kitambaa hicho ndicho kilichotengenezwa kofia za mabwana wa Ulaya kwa muda wa miaka zaidi ya 200. Biva wa Ulaya waliwindwa hata wakakaribia kwisha. Ndipo wafanyabiashara wakageukia Amerika.

Katika tarehe 2 Mei, mwaka wa 1670, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwapa jamaa yake Rupert na wenzake hati ya kufanya biashara katika nchi yote ambayo mito yake humwaga maji katika Ghuba ya Hudson. Ukubwa wa nchi hiyo ni karibu mara nne ya Tanzania. Wenyeji, kama Wakri, hawakuulizwa. Hivyo ikazaliwa Kampuni ya Hudson's Bay. Ilidumu miaka zaidi ya 350, na maduka yake ya mwisho yalifungwa tarehe 1 Juni, 2025.

Katika vituo vya kampuni hiyo ngozi ya biva ndiyo iliyokuwa fedha. Bidhaa zilihesabiwa kwa ngozi: kisu kwa ngozi kadha, birika kwa ngozi kadha, na bunduki kwa ngozi kumi na zaidi. Tena liko jambo la kuchekesha. Ngozi iliyopendwa kuliko zote ni ile iliyokwisha kuvaliwa na mwenyeji mwilini kama joho, manyoya yakiwa ndani. Jasho lake na kusuguana vilikuwa vimeziondoa zile nywele ngumu. Basi bwana wa London alitembea barabarani kwa maringo, na kichwani amebeba nguo kuukuu ya mtu aliyemwita mshenzi.

Wenyeji walipata faida, tusikatae. Sufuria ya chuma ni bora kuliko chombo cha gome la mti. Lakini walipata na hasara. Vita vya kugombea mawindo viliongezeka. Pombe iliingia. Magonjwa yaliyokuja pamoja na wageni yalipita katika njia zile zile za biashara. Ndui ya mwaka wa 1780 hata 1782 iliua watu wengi mno katika nchi hiyo.

Na mafundi wa kofia je? Katika karne ya 18 walianza kutumia dawa yenye zebaki ili nywele zishikamane upesi. Zebaki ni ile madini ya majimaji inayong'aa kama fedha. Mvuke wake ni sumu. Mafundi walitetemeka mikono, meno yakalegea, na akili zikavurugika. Katika mji wa Danbury huko Marekani, uliojulikana kwa kofia zake, kutetemeka huko kulipewa jina la mji wenyewe. Nchini Marekani zebaki katika kazi hiyo ilikomeshwa mwaka wa 1941 tu.

Ni nini kilichomwokoa biva? Je, ni huruma? La. Kufika miaka ya 1840 mabwana walikuwa wameanza kupenda kofia za hariri. Mtindo ulibadilika, ndipo biva akapumua kidogo. Hata hivyo, kufika mwaka wa 1900, biva wa Ulaya na Asia pamoja walikuwa wamebaki wapata 1,200 tu. Baadaye sheria ziliwalinda, nao wakaongezeka tena.

Chui wa kwetu na koti la New York

Labda sasa unasema, "Hayo ni mambo ya ng'ambo." Haya, sikiliza.

Katika mwaka wa 1962 Bibi Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, alionekana amevaa koti la ngozi ya chui. Lilibuniwa na mshonaji aitwaye Oleg Cassini. Bibi huyu alikuwa kioo cha wanawake wa dunia. Alichovaa leo, wengine walikitaka kesho. Picha zake zikaenea magazetini, na makoti ya chui yakatafutwa kila mahali.

Koti moja halitoki katika chui mmoja. Madoa ya chui hayafanani, na mshonaji hutafuta ngozi zinazopatana, hivyo koti moja huhitaji ngozi tano au zaidi. Katika miaka miwili tu, 1968 na 1969, Marekani peke yake iliingiza ngozi za chui zaidi ya 17,000, na za duma zaidi ya 3,000. Nyingi zilitoka Afrika, na nchi zetu za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa zilizopoteza. Wawindaji wa magendo walitega mitego ya waya, au walitia sumu katika mizoga ili ngozi isitobolewe na risasi. Sumu haijui chui wala fisi. Tai na mbwa wa kijiji pia walikufa.

Aliyeingia porini usiku, akihatarisha uhai wake na kifungo, alipata fedha kidogo. Mwenye duka New York aliuza koti kwa maelfu ya dola. Na aliyebaki kijijini? Chui hula mbuzi, hilo twalijua, na mfugaji hana sababu ya kumpenda. Lakini chui hula pia nyani na nguruwe mwitu. Mkulima aliyelala shambani akilinda mahindi yake anajua uzito wa jambo hili.

Watu walianza kulalamika, na safari hii haikuwa mtindo peke yake uliobadilika, bali na sheria. Marekani ilizuia ngozi za chui na duma katika mwaka wa 1972. Tarehe 3 Machi, 1973, huko Washington, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao ulianza kazi tarehe 1 Julai, 1975. Kenya na Tanzania ziliukubali kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Biashara ya ngozi za chui baina ya nchi na nchi ikakatazwa. Cassini mwenyewe baadaye alisema kwamba alijuta, akaunda makoti ya manyoya ya bandia.

Hapa nikukumbushe sheria. Nchini Tanzania, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na ngozi ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa kubwa. Usinunue, usiuze, wala usikubali kuwekewa nyumbani.

Wanyama wa vizimbani

Wafanyabiashara wengine walisema, "Tusiwinde, tufuge." Ufugaji wa mbweha kwa ajili ya ngozi ulianza Kanada, katika kisiwa cha Prince Edward, mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye mnyama mdogo aitwaye minki akawa ndiye afugwaye zaidi kuliko wote.

Wenye mashamba hayo husema, "Ng'ombe na kuku pia hufugwa wakachinjwa. Sisi tumekosa nini?" Swali hilo lina haki yake. Wapinzani hujibu hivi: ng'ombe amekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka, lakini minki ni mnyama wa porini, apendaye kukaa peke yake na kuogelea. Kumweka maisha yake yote katika kizimba cha waya ni kumtesa. Tena ng'ombe hutupa chakula, lakini minki hufugwa kwanza kwa ajili ya pambo.

Nchi kadha zimekubaliana na wapinzani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha mashamba hayo katika mwaka wa 2000, nayo mashamba yakafungwa kuanzia Januari 1, 2003. Israeli, katika mwaka wa 2021, ilikuwa nchi ya kwanza kukataza uuzaji wa manyoya kwa ajili ya mitindo. Huko Denmark jambo lilikuja kwa njia nyingine. Katika Novemba 2020 ugonjwa wa korona ulienea katika mashamba ya minki, na Serikali ikaamuru wote wauawe. Waliuawa zaidi ya milioni 15. Baadaye ilionekana kuwa Serikali haikuwa na sheria ya kutoa amri hiyo kwa mashamba yote, na waziri aliyehusika akajiuzulu.

Haki ina pande nyingi

Usidhani kwamba kila katazo halina madhara. Katika mwaka wa 1983 nchi za Ulaya zilikataza ngozi za watoto wa sili, kwa sababu watu walichukizwa na picha za watoto hao wakipigwa marungu juu ya barafu. Inuiti hawakuwa wakiwinda watoto hao. Waliwinda sili wakubwa ili wale. Lakini mnunuzi wa Ulaya hakutaka tena kusikia habari ya ngozi ya sili ya namna yoyote. Bei ikaanguka, na jamaa nyingi za Inuiti zikakosa fedha za risasi na mafuta ya mashua. Mtu aliyevaa ngozi kwa haja aliadhibiwa kwa kosa la aliyevaa kwa pambo.

Manyoya ya bandia nayo yana shida yake. Hutengenezwa kwa plastiki itokayo katika mafuta ya petroli, na plastiki haiozi upesi.

Lakini ziko njia njema. Huko Afrika Kusini wako waumini wa kanisa la Shembe ambao huvaa ngozi ya chui wanapocheza ngoma za ibada. Tangu mwaka wa 2013 shirika la Panthera, kwa kupatana na viongozi wa kanisa, limewagawia waumini maelfu ya mavazi ya bandia yaliyochapwa madoa ya chui. Ibada inaendelea, na chui wengi wamebaki porini. Hawakutukanwa wala kulazimishwa, bali walishauriwa.

Jibu kwa mama wa Njombe

Sasa nirudi kwa yule mama. Siku ile tulilichunguza koti pamoja, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo. Tenga manyoya kwa vidole, utazame chini kwenye shina. Ukiona kitambaa kilichofumwa, ni ya bandia. Ukiona ngozi, ni ya mnyama. Au chomoa unywele mmoja, uuchome mbali na koti. Wa kweli hunuka kama nywele zilizoungua; wa bandia huyeyuka ukawa kidonge kigumu.

Tuliona ngozi. Darasa likanyamaza kidogo. Halafu mama akasema, "Mnyama huyu keshakufa. Nikilitupa koti, hafufuki." Mwenzake mmoja akamjibu, "Ni kweli, mama, lakini ukilisifu sokoni, kesho wengi watalitaka, na atauawa mwingine." Mzee mmoja aliyeketi nyuma, mlinzi wa usiku katika ghala la mahindi, akauliza bei yake. Wakapatana pale pale. Hakuuliza habari ya mtindo. Alitaka kola ya kumfunika masikio saa tisa ya usiku.

Maoni yangu ni haya, nawe una ruhusa ya kuyakataa. Sioni kosa kwa anayevaa ngozi kwa sababu ya baridi ya kweli, wala kwa anayetumia kilichokwisha kuwapo badala ya kukitupa. Kosa naliona pale ambapo kiumbe anateswa, au aina yake inakwisha duniani, au mtu maskini anapunjwa, ili mwingine apate kutazamwa njiani. Na aliyevaa hawezi kusema, "Mimi sikuua." Biva, soboli na chui hawakuuawa na mwenye mtego peke yake. Fedha ya mnunuzi ndiyo iliyotega mtego.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya haja na pambo. Toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwako.
2. Kwa nini ngozi iliyovaliwa na mwenyeji wa Kanada ilipendwa kuliko ngozi mpya?
3. Taja watu watatu waliolipa bei ya kofia ya biva bila kuivaa.
4. Kama ungekuwa wewe ndiye yule mama, ungefanya nini na koti? Andika sentensi tano.

Kwaherini, ndugu, mpaka somo lijalo.